Abiria Thelathini na Mmoja wa Santa Librada

Sanduku lilikuwa limelowa chini. Nililiona mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyefuta meza, na Puerto Iriondo ilikuwa haijapata tone la mvua kwa siku arobaini. Wale wanaume saba walioizunguka meza hawakuona kitu. Wangeonaje? Macho yao yamezoea kuhesabu riveti za nusu milimita kwenye bawa la ndege ya plastiki. Dimbwi la maji chini ya pua zao haliwahusu.

Nawajua vizuri. Ukumbi wao uko juu ya duka langu la mikate. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, watu wakishaamka usingizi wa mchana, wao wanapanda ngazi na masanduku ya vipande vya plastiki kwapani, nami nawapandishia chipá za moto, vile vimkate vya jibini. Wanajiita Chama cha Wajenzi wa Modeli. Wanaume wazima, wenye vitambi na wake, wanaunganisha vindege na vifaru kwa gundi, halafu wanagombana. Na hawagombani nani kajenga vizuri, la! Wanagombana ni sanduku lipi linafaa kujengwa na lipi ni takataka. Mwaka mmoja walinyimana salamu miezi mitatu mizima kwa sababu ya umbo la pua ya ndege.

Hakimu wao alikuwa mwenyekiti, Daktari Wenceslao Barbagelata, daktari wa meno, na rula yake ya chuma haikubanduka mfukoni. Mtu akileta sanduku jipya kwa furaha, daktari hupima, kisha hulisukuma kwa kidole kimoja kama sahani aliyoikuta na unywele.

"Milimita mbili," husema. "Pua imezidi milimita mbili. Kampe mpwa wako achezee."

Hakuna aliyethubutu kumjibu isipokuwa Fabio Quiroz, mwenye duka la dawa, ambaye ulimi wake ulikuwa mchafu kama wa daktari, ila yeye ni kijana zaidi. Hao wawili walichukiana kwa adabu.

Siku hiyo aliyepanda ngazi na sanduku alikuwa doña Ermelinda, mjane wa don Eleuterio Sosa. Don Eleuterio alikuwa mwanachama wa siku nyingi, mzee wa posta, mpole, na modeli zake zote zilikuwa na alama za vidole kwenye rangi. Alifariki Agosti. Na chama hicho, pamoja na upuuzi wake wote, kina desturi moja nzuri: mwenzao akifa, kazi aliyoiacha nusu humaliziwa na mwanachama mwingine kwa mkono wa marehemu, yaani vilevile ambavyo angeimaliza yeye, na makosa yake yote, kisha huwekwa kwenye maonyesho ya Novemba ikiwa na utepe mweusi.

Ndani ya sanduku mlikuwa na modeli ya feri. Santa Librada, ile iliyokuwa ikivusha watu mto Paraná kwenda upande wa Chaco, ikazama kwenye mafuriko don Eleuterio akiwa na miaka sita. Yeye alivutwa nywele na mvuvi akapona. Mama yake alikwenda na maji. Karakana moja ya mji wa Rosario, iliyokufa zamani, ndiyo iliyoitengeneza modeli hiyo, na niseme ukweli, ilikuwa mbaya.

"Mungu wangu," akasema Quiroz. "Hii feri au sahani ya sabuni?"

Wakacheka wote. Daktari akashika pande mbili za mwili wa meli, akazikutanisha, akapitisha njiti ya kiberiti kwenye ufa.

"Tazameni. Njiti inapita na kichwa chake."

"Na hawa ni abiria," akasema mjane kwa sauti ndogo. Akafungua kopo la peremende lililotandikwa pamba. "Thelathini na mmoja. Aliwapaka rangi kwa miaka minne, mmoja mmoja, kama alivyowakumbuka. Alisema meli ingoje, watu kwanza."

Daktari akamwinua mmoja kwa kibanio chake kirefu: mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, mkono ameuweka kifuani. Akampima kwa rula.

"Kipimo cha meli ni moja kwa mia na hamsini. Hawa ni moja kwa mia. Huyu mama akitaka kuingia mlangoni lazima atambae." Akamrudisha kwenye pamba. "Majitu, bibi. Mumeo alipoteza miaka minne kupaka rangi majitu."

"Haifai kujengwa," akasema Quiroz. "Hata nikipewa bure. Maisha yenyewe mafupi."

"Haifai," wakaitikia wengine, mmoja baada ya mwingine, wakitafuna chipá zangu.

Sasa, kisichotakiwa na mtu humwangukia mwenyekiti. Daktari akajinyoosha kiti kizima kikalia.

"Nitaichukua mimi. Muone takataka inavyotoka mikononi mwa fundi. Nitaisahihisha."

"Usiisahihishe, daktari," akasema doña Ermelinda. "Iunge tu. Kila mtu akae mahali pake."

"Niachie mimi, bibi."

Alichokifanya kinafanywa na watu wa aina hiyo peke yao duniani. Wana mazoea ya kuchukua mabaki ya plastiki, kuyatia kwenye chupa na dawa ya kuyeyushia, na kuyakoroga mpaka yawe uji mzito. Uji huo wanaujaza kwenye nyufa, unakauka, wanapiga msasa, mshono unapotea. Daktari alihitaji uji mwingi kwa ufa ule. Na kopo la majitu, kwake, lilikuwa kopo la mabaki. Akawamimina wote thelathini na mmoja kwenye chupa. Ramona, mtumishi wa nyumba yake, ambaye ndiye aliyenisimulia mengi ya haya, aliona vile vitambaa na makoti yakiachia rangi, kijani na nyekundu zikizunguka polepole, mpaka kila kitu kikawa kijivu. Daktari akawapaka kwenye ufa wa meli, akasubiri, akapiga msasa.

Jumamosi iliyofuata alipoulizwa abiria wako wapi, alijibu, "Wamo. Kwenye mbavu zake."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Na mimi nilicheka. Nimesimama pale na sinia yangu, nikacheka pamoja nao, na leo nikikumbuka naona aibu.

Meli akaiweka juu ya kabati la chumba cha kulia. Nyumbani mlikuwa na mkewe Nélida, binti yao wa miaka tisa, Jazmín, na Ramona. Mambo yalianza saa nane mchana, ile saa ambayo Puerto Iriondo nzima imefunga madirisha, mbwa wamelala katikati ya barabara, na mtu mwenye akili timamu hatoki nje. Kwanza harufu. Tope la mtoni na magugu maji yaliyooza. Nélida akasafisha friji. Kesho yake akamwaga dawa kwenye mabomba. Harufu ikabaki palepale, na ilikuwa kali zaidi ukikaribia kabati.

Halafu ule mshono ukafunguka. Daktari akaona ufa mwembamba kama unywele, akaona haya kama mtu aliyeonekana na kifungo wazi, akaupiga msasa tena. Siku mbili, ukafunguka. Akauziba, ukafunguka, na safari hii ukingoni mlikuwa na umajimaji wa kijivu usiokauka.

"Plastiki mbovu," akasema. "Nilijua. Plastiki ya Rosario."

Siku ya nane Jazmín alikohoa mezani. Akakohoa tena, akainama, akatema kwenye sahani yake maji ya rangi ya chai, kikombe kizima, na ndani ya maji hayo mlikuwa na mzizi mdogo mweusi wa gugu maji.

Wakampeleka hospitali. Picha ya mapafu safi. Wakampeleka Corrientes mjini. Safi. Lakini kila siku saa nane mchana mtoto alikohoa, na kila siku maji yalizidi, na baada ya wiki mbili alikuwa hawezi kukaa bila mto mgongoni, midomo imeingia ubuluu. Nélida hakulala tena, wala hakula. Daktari alimwambia kila mtu ni mzio.

"Papá," mtoto akamwambia siku moja, akinong'ona, "wanasema humo hamna nafasi. Wamebanana. Wanauliza nani atawapisha."

"Nani wanasema?"

"Wale wa kwenye meli. Yule mama wa kitambaa cha kijani anakaa hapa." Akagusa kifua chake. "Ni mzito."

Daktari hakuwa amemwonyesha mtoto lile kopo. Alitoka chumbani, akakaa kwenye kiti mbele ya kabati, peke yake, jasho likimtiririka, akajiambia kwamba yeye ni mtu aliyesoma na kwamba mtoto mwenye homa huropoka, na akiwa anajiambia hivyo akasikia kitu kikigonga, kidogo sana, kama ukucha kwenye ganda la yai, kikigonga kutoka ndani ya ubavu wa meli, kisha ukucha wa pili, kisha wa tatu, kisha nyingi kiasi kwamba hazikuhesabika tena bali zilikuwa mkwaruzo mmoja mrefu uliozunguka mwili wote wa meli kutoka mbele hadi nyuma, na chini ya mkwaruzo huo sauti za watu wengi wakinung'unika kwa chini kama wanavyonung'unika watu waliosimama foleni muda mrefu, na kutoka kwenye ufa yale maji ya kijivu yakaanza kushuka juu ya mbao za kabati, yakafika ukingoni, yakadondoka sakafuni, na kila tone lilipodondoka mtoto chumbani alikohoa, tone na kikohozi, tone na kikohozi, mpaka Nélida akapiga yowe lililoamsha mtaa mzima na mimi nikalisikia kutoka jikoni kwangu.

Ramona hakuomba ruhusa. Alikwenda kumleta doña Cirila Vallejos.

Doña Cirila ni mganga wa utepe. Anatibu tumbo lililokwama na jicho baya: anashika utepe, anaupima kwa mkono wake kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni mara tatu kuelekea kwa mgonjwa, na pale mkono unapoangukia ndipo anapojua ugonjwa ulipofika. Daktari alimkuta sebuleni.

"Nani kamwingiza huyu bibi wa utepe nyumbani kwangu?"

"Mimi," akasema Nélida, na hakuinua sauti. "Ukimtoa, natoka naye na mtoto."

Doña Cirila akapima. Mkono ukaangukia kooni. Akapima mara ya pili, ukaangukia kidevuni. Mara ya tatu hakumaliza. Akasimama, akafuata harufu mpaka chumba cha kulia, akapima kutoka mlangoni hadi kwenye meli, na utepe ukamrukia mkononi ukiwa umelowa.

"Wako wapi watu wa chombo hiki?" akauliza.

"Walikuwa wakubwa mno," akasema daktari. " Havikulingana vipimo."

"Sijauliza vipimo. Nimeuliza wako wapi."

Ikabidi aseme. Alisema akitazama viatu vyake. Ramona anasema doña Cirila alimjibu, taratibu kabisa, "Wewe mwanaume ni mshenzi. Hawa walizama mara moja, mzee wa watu akawatoa mmoja mmoja akawakausha. Wewe ukawazamisha tena, ukawachanganya, hata hawajui mkono wa nani ni wa nani."

"Nifanye nini?" akauliza daktari. "Atakufa?"

"Ijumaa, Jumamosi. Hafiki mbali." Akakunja utepe. "Watengeneze upya. Wote. Sura zilezile, ukubwa uleule. Wabandike kila mmoja mahali pake, kisha uwapeleke mbele ya watu ukasimame nao. Watakaocheka wacheke, wewe usijitetee hata neno moja. Na ujue hili: hawamfuati mwenye chombo. Wanamfuata aliyewatoa mahali pao."

Sura zilezile! Alizitazama lini hizo sura? Kwa hiyo Daktari Barbagelata, saa nane mchana, kwenye jua la kuua, alikwenda kugonga kwa doña Ermelinda na daftari. Mjane hakumkaribisha ndani. Alikaa kwenye kiti chake kivulini, daktari akasimama juani, na mjane akamsomea kwa kichwa: mwalimu mwenye mwavuli mwekundu, ndugu wawili wa Goya wenye gitaa moja, padri aliyekuwa na kuku, msichana mwenye mguu wa bandeji. Saa mbili nzima. Alipofika kwa mwanamke wa kitambaa cha kijani akanyoosha kidole kwenye daftari.

"Huyo ni mama mkwe wangu," akasema. "Andika vizuri."

Akawachonga kwa ile plastiki ya waridi ya kutengenezea ufizi wa meno ya bandia. Alifunga kliniki. Siku tatu mchana na usiku, na kila alipombandika mmoja, Jazmín alivuta pumzi ndefu kidogo kuliko ya kabla. Mtu mwingine angepiga magoti akashukuru. Yeye, Ramona anasema, alilalamika! Mkono ulimwasha. Alitazama majitu yakijaza sitaha yake nzuri akasaga meno, na alipofika kwa yule padri hakujizuia, akamchonga kwa kipimo sahihi, mdogo, akasema padri mmoja hatadhuru. Hata gundi haijashika, mtoto akakauka pumzi, macho yakageuka juu. Daktari akamng'oa padri yule kwa vidole, akamponda chini ya kiatu, akachonga mwingine huku analia. Jumamosi asubuhi Jazmín aliamka akaomba maziwa na mkate.

Maonyesho yalikuwa Jumapili kwenye ukumbi wa zimamoto, baada ya misa. Mimi nilikuwa na meza yangu ya chipá mlangoni, nikaona yote. Santa Librada ilikuwa katikati, utepe mweusi mbele yake, na juu yake lile kundi la watu wa waridi waliopakwa rangi, wakubwa, wamesongamana, vichwa vimepita paa. Daktari alisimama kando, mikono nyuma. Jazmín alikuwa dirishani na aiskrimu.

Loo, walicheka! Miaka kumi na minane ya dharau aliyowatemea iliwarudia midomoni siku moja.

"Daktari, feri hii inabeba watu au masanamu ya kanisani?"

"Pima, pima! Rula iko wapi?"

"Hawa wakienda wote upande mmoja inazama tena," akasema Quiroz, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

 Shingo ya daktari ilikuwa nyekundu kama nyama ya buchani, lakini hakufungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwonea huruma.

Quiroz alikuwa na mtoto wa miezi minne, Lautaro, aliyekuwa abatizwe Jumapili iliyofuata. Kazi ya keki nilipewa mimi. Basi Quiroz akainama juu ya meli, akatoa kibanio mfukoni, akamshika yule mwanamke wa kitambaa cha kijani.

"Huyu anatosha juu ya keki ya mwanangu," akasema. "Mama wa ubatizo wa plastiki! Unaniruhusu, daktari?"

Akavuta. Hakutoka. Akavuta tena, akipindua mkono. Daktari alikuwa amefungua mdomo. Nilimwona. Alimtazama Quiroz, akamtazama binti yake dirishani, akamtazama Quiroz tena, na kitu fulani usoni mwake kikatulia. Akafunga mdomo. Mwanamke akang'oka, Quiroz akamtia mfukoni mwa shati, akaenda zake akipiga mluzi.

Nilidhani ameona aibu kusema. Wakati huo Ramona alikuwa bado hajanisimulia maneno ya doña Cirila.

Keki ya Lautaro ilikaa kwenye friji yangu siku tisa. Hakuna aliyekuja kuichukua, na mimi sikuwa na moyo wa kwenda kuuliza, maana kila mtu alikuwa ameliona lile sanduku jeupe dogo likipita kwenda makaburini. Walisema mtoto alipaliwa na maziwa. Aliyemwosha aliniambia hayakuwa maziwa.

Ramona aliponieleza kila kitu, nilivua aproni nikaenda moja kwa moja kliniki. Daktari alikuwa peke yake, ananawa mikono.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulisimama pale ukijua. Neno moja tu, Wenceslao! Neno moja lingekupunguzia nini?"

Akajifuta vidole, kimoja kimoja, bila haraka.

"Nilimbandika kwa gundi nzuri, doña Irma," akasema. "Ilibidi Quiroz avute mara mbili."